Chui wa Kinamasini

Niliomba msaada kwa ukweli, hakuja mtu. Nilipodanganya, magari yalikuja mpaka yakakosa pa kusimama.

Mimi ni dereva wa watalii. Au niseme nilikuwa.

Mbugani redio za magari huwa wazi ili madereva tupashane habari. Sasa kuna kamchezo ketu. Dereva akimpata chui, hataki wenzake waje kumbana. Anasema redioni, "Jamani nimekwama kwenye tope, huku hakupitiki." Tukisikia hivyo tunacheka, tunajua mwenzetu anakula uhondo peke yake.

Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja mstaafu na binti yake. Mama yule alikuwa na wazimu wa ndege. Simba hata hakuwa na habari naye.

Nikawapeleka kinamasini. Pundamilia na nyumbu wametapakaa, viboko wanapiga miayo, na ndege, mwari na heroe, wamejaa hadi maji hayaonekani.

"Yule! Muone yule mwenye kishungi!" Mama anashangilia, kitabu chake cha ndege mapajani.

Nikasogea ili amuone vizuri. Magurudumu ya nyuma yakazama.

Nikakanyaga mafuta. Tope likaruka hadi kwenye mti wa karibu, na kumbe mle mna nyuki. Mama akachomwa shingoni kabla sijafunga paa la gari.

"Dereva, mama ana aleji na nyuki!" binti akapiga kelele.

"Dawa yake iko wapi?"

"Tumeiacha hotelini!"

Simu haina mtandao. Kushuka na kutembea, viboko hao hapo. Nikashika redio.

"Jamani, nimekwama kinamasini. Nina mgonjwa, njooni mnivute!"

Kikaja kicheko. Halafu sauti ya shemeji yangu, mume wa dada, naye dereva kama mimi.

"Shem, leo umeongeza na mgonjwa? Huyo chui lazima ana watoto!"

"Shemeji, naapa kwa mama yangu mzazi!"

"Haya, tusalimie chui."

Nikarudia. Wakacheka tena.

Mama alishaanza kukoroma akivuta pumzi. Midomo imevimba, macho yamefumba. Binti anampepea na kile kitabu huku analia. Niliogopa jamani.

Ndipo akili ikanijia. Nikanong'ona redioni kama mtu anayempa ndugu yake siri.

"Shem, usimwambie mtu. Chui yuko mtini na watoto wake, hapa kinamasini. Wahi."

Redio ile wote wanaisikia. Muda si muda vumbi likatimka kila upande. Heroe wote wakaruka kwa fujo.

Shemeji ndiye aliyetangulia. Wageni wake wamesimama, kamera mkononi.

"Yuko wapi?"

Nikafungua mlango wa nyuma. "Huyu hapa."

Uso ukamshuka. Tukambeba mama, tukamlaza kwenye gari lake, akaendesha kama kichaa hadi zahanati ya langoni.

Mama alipona. Mganga alisema tungechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Mnadhani nilipongezwa?

Wageni wa magari mengine walilalamika kwamba wametolewa kwenye simba kufuata chui wa uongo. Bosi akatuita mimi na shemeji.

"Mwenzako anasema aliomba msaada kwanza, mkamcheka. Ulimsikia?"

Shemeji akaangalia viatu vyake.

"Hapana, bosi. Mimi nilisikia habari za chui tu."

Nikafukuzwa kazi palepale.

Jioni dada akapiga simu. Nilidhani anataka kunipa pole.

"Kaka, yaishe. Angesema kweli wangemfukuza na yeye. Wanangu wangekula nini?"

Nikakata simu. Iliniuma kuliko hata kazi yenyewe, maana nilijua hakukosea sana, na bado sijaweza kwenda kwao.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuomba kitu kimoja. Mtu akisema amekwama, nenda kwanza. Ukimkuta amekudanganya, mtukane utakavyo, hata mimi niite nije nikusaidie kumtukana. Lakini nenda.