Kiti cha Mbele

Wiki iliyopita, kwenye yadi ya magari hapa Bariadi, nilimwona mwanamume akivutana na muuzaji kuhusu bei huku amemshika mtoto begani. Nikanusa tena ile harufu ya viti vipya vilivyopigwa na jua.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, baba mdogo alinichukua mimi, mkubwa wa yatima watatu aliokuwa anawalea, pamoja na Minza, binti yake, kwenda yadi kama hiyo kununua gari. Alilizunguka gari akiligonga ubavuni kama anayekagua ng'ombe mnadani. Bei ilipogoma kushuka, akanisukuma mbele.

“Bosi, nalea watoto wa marehemu kaka yangu. Mtazame huyu.”

Muuzaji aliitazama miguu yangu isiyo na viatu, akaguna. “Haya mzee, nimekupunguzia kwa ajili yake.”

Niliamini kilichopunguzwa kwa ajili yangu ndiyo sehemu yangu ya gari, yaani kiti cha mbele.

Minza aliniwahi kukikalia.

“Toka, hapo pangu,” nikamwambia.

“Pako? Kanunua baba yako?”

Nilirudi nyumbani Ngulyati nimekaa nyuma, nikikitazama kisogo cha Minza njia nzima. Leo najua nilipelekwa kushusha bei tu, na bado namwonea wivu. Wadogo zangu walitupokea wakikimbia, wakiuliza nilikaa wapi.

“Mbele,” nikawaambia.