Kelele Katika Redio ya Fundi Abdulmuti

Damanhur nzima, mji wa kule Misri, ilijua kwamba sikio la Fundi Abdulmuti halidanganyiki. Ukimpelekea gari lenye redio inayokoroma, hagusi kitu kwanza. Atakwambia uiwashe redio, kisha uzime injini. Kelele ikifa pamoja na injini, mchawi ni altaneta au nyaya za plagi. Ikibaki, tazama antena na waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ambao katika nusu ya magari ya mji ule umeliwa na kutu, na wenyewe wanalaumu kituo cha redio. Sikio hilo lilikuwa limemlisha miaka thelathini, na majivuno yake, tuseme kweli, hayakuwa madogo.

Basi gari lake mwenyewe lilipoanza kutoa "tu-tu-tu-tu" katikati ya matangazo, majirani walimcheka: mganga hajigangi! Yeye hakucheka. Redio ile ilikuwa na siri yake. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri aliliendesha gari hadi nje ya mji, kando ya mfereji, ambako hakuna magorofa ya kuzuia mawimbi, akaegesha penye mashamba ya maharage na kusikiliza michezo ya kuigiza ya zamani. Tena alilia. Mwanamume mzima mwenye mvi, analizwa na redio! Nyumbani alisema amekwenda kutafuta vipuri. Mtu mmoja tu aliambiwa ukweli: Khairallah, mwenzake wa karakana kwa miaka ishirini na miwili, naye aliapishwa asitoe neno, maana habari hiyo ikifika mkahawani, heshima ya fundi imekwisha.

Jumatano moja, adhuhuri, Khairallah alipokwenda kwa mke wa fundi kuchukua chakula, Abdulmuti aliamua kuimaliza kazi. Alizima injini: kelele ipo. Akachomoa antena: ipo. Akakwangua kutu kwenye waya wa ethi: bado ipo. Ikawa inakuja, inakwisha, baada ya dakika mbili inarudi, kama redio inavyofanya simu ikikaribia kuita. Lakini simu yake ilikuwa mezani, imezimwa.

Akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi. Vidole vikagusa kitu kidogo mfano wa kiberiti. Alikijua alipokitoa, kwa kuwa wenye malori humletea awafungie: kidude cha kufuatilia gari, chenye laini ya simu ndani. Kilikuwa kinanyonya umeme kwenye waya wa redio. Na pale nyaya zilipoungwa hapakuwa na utepe. Palikuwa na uzi mweupe uliopakwa nta. Fundi alikaa chini sakafuni, kidude mkononi.

"Chakula kimefika!" Khairallah aliingia na sufuria. "Shemeji, Mama Nagwa, leo katupikia mlenda kwa sungura, mwenzangu, harufu yake imenitesa njia nzima!"

"Weka chini. Uzi huu ni wa nani?"

Khairallah alitazama, akaiweka sufuria taratibu. "Uzi ni uzi, Baba Nagwa."

"Usinifanye mtoto mimi! Utepe ulikuwa unakuyeyukia kwa joto, nikakufundisha kufunga kwa uzi, kwa mikono yangu hii. Mizunguko saba, fundo kwa ndani. Mji huu nani mwingine anafunga hivi?"

Khairallah alijikuna shingo. "Mkeo aliniomba. Alilia mbele yangu. Anasema kila Alhamisi unapotea, unarudi macho mekundu. Amesikia habari za mjane fulani. Alidhani umeoa."

"Nimeoa! Kwa mgongo huu?" Abdulmuti alicheka. "Na wewe ukamwambia nini?"

"Si uliniapisha nisiseme?"

"Kumbe kiapo kilikuziba mdomo, mikono hakikuiziba?"

"Mkate na chumvi yake nimekula miaka yote hii, Baba Nagwa. Ningemkatalia vipi?"

"Na mkate huo hununuliwa na nani, bwana we?"

Abdulmuti alimwona mkewe Inshirah akilini, akimuuliza ametoka wapi, na yeye akimjibu "vipuri" bila haya. Hapo alijua ana kosa lake. Mwanamke aliyedanganywa kila wiki ana haki ya kuogopa mke mwenza.

"Inshirah nitamweleza mwenyewe," alisema. "Atanicheka, atanisimanga mpaka Ramadhani, yataisha. Yeye hakujua. Wewe ulijua nilipo."

"Nilijua ulichoniambia." Sauti ya Khairallah ilishuka. "Mtu aende shambani kulilia redio? Nani angeamini? Hata mimi, wallahi, nilitaka kuona."

"Ukaona?"

"Niliangalia kwenye simu ya mkeo. Gari limesimama palepale kando ya mfereji, kila Alhamisi. Nikaona aibu kukwambia. Nikanyamaza."

Maneno yale yalimchoma Abdulmuti kuliko kile kidude. Ndugu aliyemfungulia moyo alikuwa amemsikiliza, akaitikia kwa kichwa, na asimwamini mpaka simu ilipomwonyesha.

Alinyanyuka, akanawa mikono, akafunua sufuria. Tangu karakana ifunguliwe, wawili hao walikuwa wakila chombo kimoja, mkono kwa mkono. Abdulmuti alitafuta sahani mbili, akapakua sawasawa, nyama na hata mkate. Moja akamsogezea Khairallah. Ya pili akaichukua, akaenda kuila nje, kwenye ngazi, peke yake.