Bi Nyundo na Kifungu cha Mara Tano

Kazi ya Bi Nyundo ilikuwa kutesa kadi. Sitanii. Chumba chetu cha majaribio kilikuwa ghorofa ya pili, na humo alizikunja kadi za chipu kwa mashine mara elfu moja kila moja, akazichemsha, akazigandisha, akazitia tindikali, na zile zilizotoka salama akazipiga nyundo aone kama chipu itakubali kutoa siri yake. Jina hilo nilimpa mimi, siku aliyoikosa kadi akavunja meza. Lilimganda mpaka mkurugenzi naye akawa anamwita hivyo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kucheka kwa sauti na kukasirika kwa sauti hiyohiyo. Hakuwa na mume wala hakumtaka. Alikuwa na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, na huyo ungemgusa ungekiona cha moto.

Huyo mdogo aliolewa na fundi bomba. Bi Nyundo alimwita "shemeji" kwa namna ambayo mtu mwingine angetukania. Mwanamume yule alikuwa anapiga. Alipiga kwa mkono, kwa mkanda, siku moja kwa mlango wa kabati. Alichotaka ni nyumba ya vyumba vinne ambayo mama yao alimwachia mkewe. Alitaka iingie jina lake aiuze. Mkewe alikataa katakata. "Nyumba ni yangu, aondoke yeye," alisema, jicho limevimba.

Kuhamisha nyumba hakukuhitaji tena kwenda ofisi ya ardhi. Unachomeka kadi yako kwenye kisoma kadi cha simu, unaingia mtandaoni, unaandika namba ya siri, saini ya kielektroniki imepita, nyumba si yako. Bi Nyundo aliijua hatari hiyo kuliko mtu yeyote. Nilikuwepo alipompigia mdogo wake simu.

"Nisikilize vizuri. Akikukaba akitaka namba, mpe ya uongo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya hapo kadi inajifunga, hata afanye nini hawezi kusaini kitu."

"Mara tatu tu, dada?"

"Tatu tu. Vumilia hizo tatu."

Wakati huo kila ofisi ilikuwa na kadi yake na sheria zake. Benki na ardhi walifunga kadi baada ya makosa matatu, pensheni baada ya kumi, kwa sababu wazee mikono inawatetemeka. Ikaundwa kamati ya kutunga kiwango cha pamoja, ili mtu awe na kadi moja ya kuingilia na kusainia kila mahali. Bi Nyundo aliandika vifungu, mimi niliandika muhtasari. Tulikaa miezi kumi na minne, na kifungu cha makosa ndicho kilichotutoa roho. Yeye aling'ang'ania tatu.

"Mama, wewe hujawahi kuona mzee kafungiwa pensheni yake kwa sababu kidole kimeteleza," mtu wa pensheni alimwambia.

"Na wewe hujawahi kuona mtu anakabwa ataje namba."

Siku ya mwisho ilifika saa nane mchana hatujala. Mtu wa benki akasema ofisi ya pensheni ni makumbusho. Mtu wa pensheni akanyakua jagi la maji, la kioo, akamrushia. Lilimpasua juu ya nyusi. Damu ikatapakaa kwenye rasimu, wakashikana mashati, kiti kikavunjika, na mwenyekiti, mtu mzima na tai yake, akala kiwiko cha mdomo. Bi Nyundo akapanda juu ya meza.

"Tano!" akapiga kelele. "Iwe tano, basi, muache kuuana!"

Ikapita kwa makofi. Nami nilinyoosha mkono. Nilikuwa na njaa, sina sababu nyingine ya kujitetea nayo.

Kadi za zamani zikafutwa, mpya zikagawiwa, na mdogo wake akapata ya kwake. Bi Nyundo alikusudia kumwambia. Alikusudia wiki nzima, halafu mwezi, lakini walipoongea ziliingia habari za vitambaa na za jirani aliyehama. Tuna ugonjwa huo sisi watu wa viwango: ukishaandika kifungu kwa mkono wako, unaona kama dunia nzima imekisoma.

Jumanne moja asubuhi simu ya Bi Nyundo ikalia, nikampeleka hospitali. Mdogo wake alikuwa amelala chali, midomo imepasuka, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene. Alitusimulia mwenyewe, taratibu, macho kwenye dari.

"Alinibana kwenye meza ya cherehani, mkono kaulaza juu. Akachukua spana. Akasema kila namba ya uongo ni kidole kimoja. Nikampa ya uongo. Ilipokataa akavunja gumba. Nikampa nyingine, akavunja hiki kinachofuata. Ya tatu ilipokataa akavunja cha kati, nami nikacheka, dada. Damu imejaa mdomoni, nacheka. Nikamwambia imeshakufa hiyo, kaoane nayo. Akanigeuzia simu nisome. Imeandikwa umebakiza mara mbili."

Bi Nyundo akaitazama ile bandeji.

"Nikajua kadi ni mbovu. Sikuwaza kingine."

"Ukampa namba?" nikauliza mimi, na mpaka leo naona aibu kwamba niliuliza.

Alinitazama kama mjinga. "Nimpe nyumba ya mama? Nilimpa mbili nyingine za uongo."

Kadi ilijifunga kwa ile ya tano. Majirani walipovunja mlango walimkuta fundi bomba anaipondaponda kadi sakafuni, wakampa kipigo mpaka polisi ndio waliomwokoa. Taya lilivunjika, mbavu zilivunjika, na sikumwonea huruma hata chembe. Nyumba ilibaki ya mwenyewe. Daktari alisema mkono ule hautashika sindano tena.

Bi Nyundo alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo vile.

"Kadi haikuwa mbovu. Kiwango kilibadilika. Mimi ndiye niliyeandika tano, na sikukwambia."

Mdogo wake akanyoosha mkono wa kushoto, akagusa bandeji pale penye gumba, akagusa pa pili, akagusa pa kati.

"Hivi vitatu ni vyake," alisema.

Akasogeza mkono akagusa viwili vilivyobaki.

"Hivi viwili ni vyako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilisubiri Bi Nyundo ajitetee, ataje jagi, ataje wazee wa pensheni, ataje hata kura yangu. Hakutaja.

"Ndiyo," alisema. "Ni vyangu."

Mdogo wake akageukia ukutani. Muuguzi akaingia na sindano ya maumivu, akatuomba tutoke.