Kuisimamisha Pikipiki ya Baba Mkwe

Pikipiki ya marehemu baba mkwe wangu nililetewa ikiwa ndani ya magunia mawili na beseni moja. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliishusha kwenye guta mbele ya nyumba yangu Buzebazeba, akajifuta jasho, akaniambia, "Haya shemeji, usafiri huo. Panda twende."

Nikachungulia gunia la kwanza. Kutu tupu, na mjusi mmoja aliyeniangalia kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.

"Sehemu nyingine iko wapi?" nikamuuliza.

"Nyingine iko kwa majirani. Wewe si fundi? Fundi haulizi, fundi anatafuta."

Mambo yalianza hivi. Mzee alipokuwa hai, pikipiki ile ilijulikana Katubuka nzima. Wapo watakaobisha, lakini mimi nasema ilifika Kigoma kabla ya barabara, ikakaa kuisubiri. Miguu ilipoanza kumsumbua mzee, akaiegesha nyuma ya choo. Sasa kitu kikikaa nyuma ya choo kwetu hakiibiwi. Kinaazimwa. Huyu anaazima taa, yule anaazima mnyororo afungie mlango wa zizi, na mzee, roho yake ilivyokuwa nyeupe, hakumnyima mtu. Alipofariki, kilichobaki pale kilikuwa ni alama ya mafuta chini na hayo magunia.

Hitima ya mwaka wake ilipokaribia, shemeji akatangaza kwamba siku hiyo uwanja utasafishwa. Kinachosimama kitabaki, kinacholala kitachukuliwa na watu wa chuma chakavu. Shemeji si mtu mbaya. Ni kwamba anauza dagaa soko la Mwanga, na mtu wa dagaa akiona kitu kimetandazwa chini, anajua ni cha kuuzwa.

Lakini mama mkwe akamwita binti yake, yaani mke wangu, akamwambia, "Mwambie mumeo aisimamishe ile pikipiki. Nataka niisikie ikiteremka tena. Wakiipeleka kwenye chuma chakavu, sina tena kitu cha kunifanya nisikilize barabara."

Maneno hayo mke wangu alinifikishia tukiwa tunakula. Nikanawa mikono kabla sijashiba. Kwa sababu mimi ni fundi, ndiyo, lakini fundi wa mashine za mitumbwi, pale mwalo wa wavuvi, Kibirizi. Na kosa ni la mdomo wangu. Msibani niliwahi kuwaambia watu kwamba mimi hata sufuria, mkiifunga magurudumu, naiendesha mpaka Kasulu. Niliwaambia ili wacheke. Kumbe kuna mtu alikuwa nyuma ya pazia anaweka akilini.

Nyuma ya pazia, maana mama mkwe wangu ni Muha wa zamani kabisa. Kwake yeye mkwe na mkwe hawatazamani. Miaka yote ya ndoa yangu namfahamu kwa sauti na kwa visigino. Tukikutana Mwanga sokoni, yeye anaingia duka la vitenge, mimi naingia popote palipo wazi. Siku moja palipokuwa wazi palikuwa saluni ya akina mama, nikatoka na kucha zimepakwa rangi, kwa sababu ukishaingia huwezi kukaa tu. Nikienda kwao anaongea kutoka ndani, sauti yake inasikika mpaka Ujiji, lakini sheria ni kwamba mimi sijasikia mpaka mke wangu aje aniambie.

Basi nikaanza kutafuta. Madigadi ya nyuma niliikuta kwa jirani, kuku wanalia humo chakula. Jirani hakuwa na neno, kuku ndio waliogoma. Nilipoibeba walinifuata mpaka barabarani, wanadai. Ekzosi alikuwa nayo bibi mmoja, anapulizia moto jikoni. Akaniambia, "Mjukuu wangu, chukua, lakini uje kupuliza wewe kila asubuhi." Nilipuliza wiki nzima mpaka nikamtafutia bomba lingine, mashavu yamekuwa kama ya mpiga tarumbeta.

Vilivyokosekana nikavitafutia ndugu. Tangi nililipata kwa mfanyabiashara Mkongo aliyevuka nalo ziwa, la kijani, akiapa kwamba lilitoka kwenye pikipiki ya chifu. Gurudumu la mbele lilitoka kwenye bodaboda ya Kichina, dogo, na la nyuma ni lile lake la asili, kubwa. Kwa hiyo pikipiki ikawa imeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano. Ukikaa juu yake mahali tambarare unaona kabisa unateremka. Taa nikaichongea bati la karabai kuukuu. Kiti alinishonea fundi cherehani wa Mwanga kwa kitambaa kilichobaki kwenye makochi ya bwana harusi fulani, maua mekundu yenye majani ya dhahabu. Mke wangu alipokiona akauliza, "Hiki cha kukalia au cha kupokelea wageni?"

Mashine yenyewe haikunisumbua sana. Mashine ni mashine, moja inaishi na maji, nyingine inaishi na vumbi. Pistoni nikaazima kwenye pampu ya kumwagilia bustani, nikasugua, nikasafisha kabureta, ikakohoa, ikatema moshi uliofukuza mbu wa Buzebazeba yote mpaka leo hawajarudi.

Kilichonisumbua ni shokapu za mbele. Zilitaka mafuta yake maalumu, na mimi nikafikiri, mafuta ni mafuta. Nani Kigoma amewahi kukosa mafuta? Bawaba ya mlango ikilia tunatia mawese. Panga tunapaka mawese. Mtoto akikauka ngozi, mawese. Nikazijaza mawese safi, yale mekundu, nikafunga.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na baridi, mvua ilikuwa imenyesha. Nikapanda. Shokapu hazikushuka hata unywele. Mawese yalikuwa yameganda humo ndani kama yanavyoganda kwenye chupa jikoni. Kila kishimo nilikipokea kwa meno. Nilifika Kibirizi nikasalimia watu, "Mwakeye," meno yakagongana, wakadhani nina homa. Mchana jua likawaka, yakayeyuka, sehemu ya mbele ikawa laini kama godoro, na yakaanza kuvuja. Nikarudi nyumbani nikiwa na mbwa nyuma yangu, na paka, na mama mmoja anayeuliza nauza samaki wa kukaanga wa aina gani.

Shemeji alikuwa amekaa barazani kwangu ananisubiri. Akanusa.

"Shemeji, hii pikipiki umeitengeneza au umeiunga?"

"Ni mafuta ya muda tu."

"Aa, mimi sina ubaya. Ongeza nyanya. Ila hitima ni Jumamosi, na watu wa chuma chakavu nimeshawaambia waje na mkokoteni. Na nanga yake iko wapi? Nyie wa majini si mnaegesha kwa nanga?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye mtu wangu niliyemuoa.

Nikamwaga mawese, nikatafuta mafuta yenyewe, nikaifunga pikipiki upya. Na hapa nilijitahidi kweli, maana nilikuwa namfikiria yule mama anayesikiliza barabara isiyo na kitu. Kila boliti niliikaza. Madigadi, kibao cha namba, kibebeo cha nyuma, kifuniko cha mnyororo, vyote vikawa kimya. Ukiitikisa pikipiki unatikisika wewe.

Alhamisi nikaenda kumsikilizisha. Kwa mama mkwe ni chini ya mteremko, Katubuka. Mke wangu alitangulia, akasimama mlangoni, mama yuko ndani nyuma ya pazia. Mimi nikatokea juu, nikavuta mafuta, nikateremka na mngurumo uliowafanya watu watoke na taulo wakidhani ndege imekosa uwanja. Nikafika uwanjani, nikazima, nikasubiri sifa.

Ikaja sauti kutoka ndani. "Mwambie mumeo ahsante. Ni nzuri. Lakini hiyo ni bodaboda."

Mke wangu akanigeukia. "Anasema ahsante, ni nzuri, lakini ni bodaboda."

"Nimesikia."

"Hujasikia, ndiyo nakwambia."

"Mwambie mama, mashine ni ileile ya mzee! Ekzosi ileile! Nimempulizia bibi moto wiki nzima!"

"Mama, anasema mashine ni ileile."

"Mwambie hiyo mashine mimi siijui," mama akajibu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kumpokea mgeni, mgeni akapita nyumba ya pili. "Ikiteremka sikuwahi kuisikia. Marehemu alikuwa anaizima kule juu. Akifika tu mwanzo wa mteremko, anazima, anaiachia ishuke yenyewe. Petroli aliihurumia kuliko alivyonihurumia mimi."

Mimi na mke wangu tukatazamana. Hiyo hakuna aliyewahi kuniambia! Mke wangu naye akajishika kichwa, "Ee, ni kweli, baba alikuwa anazima!" Mtu amekulia nyumba hiyo, amenitazama nasafisha kabureta siku zote hizo, ndiyo anakumbuka.

"Muulize, sasa alikuwa anasikia nini?"

"Alikuwa anasikia makelele ya vyuma," mama akasema bila kungoja kuulizwa. "Ile pikipiki ilikuwa inacheza yote. Nyuma inagonga, pembeni inalia, kama mtu anakimbia na kapu la vijiko. Mwambie alivyoikaza, amekaza na mzee humo ndani."

Mke wangu akafungua mdomo aniambie. Nikamwambia basi, hilo usilirudie.

Ijumaa nzima nilikuwa nalegeza. Jamani, fundi amefundishwa kukaza. Hakuna aliyenifundisha kulegeza, na nawaambieni, kulegeza ni kazi ngumu zaidi. Ukilegeza kidogo, kimya. Ukizidisha, madigadi inabaki barabarani. Wenzangu wa Kibirizi walinizunguka. Mmoja ananiambia, "Bado, hiyo inalia kama sufuria mpya." Mwingine aliyekuwa akikaa Katubuka zamani akafumba macho kama anaonja mchuzi, akasema, "Kifuniko cha mnyororo kilikuwa kinajibu kwa nyuma. Kwanza madigadi, halafu kifuniko." Tukaisukuma kwenye kilima, tunaiachia, tunasikiliza, tunafungua robo mzunguko, tunaisukuma tena. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kazi wakaja kutoa maoni. Sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wakibishania mlio wa bati.

Jumamosi dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Watu wa chuma chakavu walikuwa wameshafika na mkokoteni wao, wakapewa sahani, maana hitima haimfukuzi mtu. Shemeji akasimama, akaanza kuonyesha: hili bati, hizi nondo, na ile pikipiki.

"Subiri niishushe mara moja," nikamwambia.

"Shemeji, mama alishasema siyo."

"Mara moja tu. Ikishindikana nitaipakia mwenyewe."

Nikaisukuma mpaka juu. Nikakaa kwenye maua yangu mekundu, mashine imezimwa, nikaachia breki.

Mwanzoni haikusema kitu, nikajua nimeumbuka. Halafu ikakamata kasi na madigadi ikaanza. Kacha, kacha. Kifuniko cha mnyororo kikaitika. Kibao cha namba kikaingia na wembamba wake, kibebeo kikapiga chini kwa chini, ikawa ngoma nzima inateremka Katubuka, na mimi juu yake nimeng'ang'ania usukani, maana katika kulegeza huko hata breki niliipunguzia utii. Niliingia uwanjani kwa kasi, nikapita mkeka wa wazee, nikapita mkokoteni, nikasimamishwa na ukuta wa jiko.

Na kabla vumbi halijatua, sauti ikatoka ndani, kali, haraka, sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu nioe.

"Na leo umechelewa wapi? Watu wamekula, wewe unazurura tu!"

Shehe alikuwa na tonge mkononi, akalirudisha kwenye sahani. Mke wangu akaziba mdomo kwa ushungi. Shemeji alisimama anaangalia dirisha la mama yake.

Halafu nyuma ya pazia mama akaanza kucheka. Alicheka kwa pumzi, akapenga kamasi, akacheka tena. "Mwambie mumeo," akasema, "sikumgombeza yeye."

Mke wangu hakuweza kuniambia. Kwa mara ya kwanza sheria ilivunjwa, nikaruhusiwa kusikia mwenyewe.

Shemeji akawaendea wale wa mkokoteni, akawaambia wachukue bati na nondo, wakimaliza wale tena. Pikipiki akaikokota mwenyewe, polepole, akaiegemeza kwenye ukuta wa mbele, upande wa dirisha. Akakiangalia kiti. Akaniambia, "Haya maua, shemeji, yatatuaibisha. Lakini vyuma usiguse."

Sasa kila nikimaliza kazi Kibirizi, siku ambazo mvua haijanyesha, napita Katubuka niishushe. Nagombezwa kwa kuchelewa, kwa kuzurura, kwa nyama ambayo sikuinunua na kwa maneno niliyoyasema kabla sijazaliwa. Mke wangu analalamika kwamba akinigombeza yeye nanuna, akinigombeza mama yake narudi nyumbani napiga mluzi. Ni kweli. Juzi nilichelewa hasa, mashine ya mtu ilikuwa imenigomea, nikateremka giza linaingia. Mama hakugomba. Aliuliza tu kwa ndani, taratibu, "Umefika?"

Mke wangu hakuwepo wa kunifikishia swali. Nikaitikisa madigadi kwa mguu, mara moja, ndiyo nikaenda zangu.