Barua Aliyosema Ameiokota

Ofisini walimwita Madamu Faili, na jina hilo halikumuudhi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuja kuulizia hati akaambiwa imepotea. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha mambo. Blauzi zake zilipigwa pasi mpaka kwapani, na ukichelewa dakika tano ulimkuta ameshanuna zamani.

Kaka yake alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Walichangia mama, baba mbalimbali, kwa hiyo hata majina yao ya ukoo hayakufanana. Alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe: kutoboa mwamba, kushindilia baruti kwenye matundu, kuwasogeza watu mbali, kisha kulipua. Machimboni wakamwita Baruti, mtaani wakalidaka, na mwishowe hata mama yao mzazi akasahau kumwita vingine. Viganja vyake vilikuwa na mipasuko ambayo vumbi lake halikutoka hata avisugue vipi. Na alicheka kwa sauti popote alipo, awe msibani, awe benki.

Mama yao alikuwa akikaa kwa mdogo wao wa mwisho, mji wa mbali. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, akapangiwa upasuaji Alhamisi asubuhi. Akatangaza kwamba haingii chumba cha upasuaji mpaka awaone watoto wake wote watatu kwa macho yake. Basi wale wawili wakakata tiketi za ndege ya Jumatano mchana, kila mmoja kivyake.

Siku zenyewe zilikuwa mbaya. Wiki mbili kabla, bomu lilikuwa limelipuka kwenye kituo cha treni cha mji mwingine, likaua watu kumi na wanne, na tangu hapo redio haikuwa na habari nyingine. Madamu Faili aliiona shida kabla haijabisha hodi. Alimpigia simu meneja wa machimbo, akaomba barua yenye mhuri, inayoeleza kwamba mtu huyu ni mwajiriwa wao, ana kibali cha kushika baruti, na kwamba huenda mikono na nguo zake zikawa na mabaki ya kazi. Barua akaiweka mwenyewe kwenye folda yake ya plastiki, maana kaka yake angeweza hata kuifungia karanga.

Kwenye teksi akampa maagizo. "Kaka, leo usitaje kazi yako mpaka uulizwe. Usichekecheke. Na lile jina lako, tafadhali, liache nyumbani."

"Sawa, mkuu," kaka akasema. "Nitatulia kama maji mtungini."

Na kweli alitulia. Uwanjani walikuta askari wenye mbwa, na foleni iliyojikunja mara tano kama utumbo. Watu walikuwa wakivua viatu, saa, makoti, na kuvitupia kwenye trei bila kusema neno. Walipokaribia mashine, foleni ikagawanywa mara mbili. Kaka akapelekwa kulia, yeye kushoto. Alikuwa akipanga vitu vyake kwenye trei, folda juu, viatu chini, alipoinua macho akamwona kaka yake anataka kupita kwenye fremu ya ukaguzi na kile kifungo cha chuma cha mkanda wake kikiwa bado tumboni.

Aliyetoa maagizo ndiye aliyeyasahau.

"Baruti, mkanda!"

Aliita kwa sauti ya masjala, ile iliyozoea kumfikia mtu wa mwisho kwenye benchi. Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa ameinama kuvua kiatu akabaki ameinama vilevile. Askari watatu wakageuka kwa pamoja, wakamtazama yule ambaye jina lilimwendea, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeshika mkanda wake kiunoni aliposikia.

Walimvuta kando. Wakampangusa viganja kwa kitambaa cheupe, wakakiingiza kitambaa kwenye kimashine juu ya meza, nacho kikalia na kuwasha taa nyekundu. Wakarudia kwa kitambaa kingine. Kikalia tena.

Askari mmoja wa kike, aliyevaa glavu za buluu, akaja upande wa kushoto. "Mama, ni wewe uliyemwita yule?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Unamjua?"

Madamu Faili akatazama. Kaka yake alikuwa amesimama amenyoosha mikono, soksi moja imetoboka na kidole gumba kiko nje, suruali inataka kushuka kwa kukosa mkanda, na kola ya shati lake imesagika. Nyuma yake bwana mmoja wa suti alikuwa akirudi nyuma taratibu. Kwa mara ya kwanza maishani alimwona kaka yake kwa macho ya watu wale, na akaona na yeye mwenyewe anavyotazamwa, blauzi yake na pasi yake na yote.

"Hapana," akasema. "Simjui. Nilimwona tu amesahau mkanda."

"Na hilo jina?"

"Nilisikia mtu akimwita hivyo huko nyuma kwenye foleni."

Kulikuwa na hatua sita kati yao. Kaka alisikia kila neno. Askari aliyekuwa naye akamuuliza anasafiri na nani, naye akajibu akitazama sakafu, "Niko peke yangu." Kisha wakamwingiza kwenye chumba cha pembeni, na mlango ukafungwa.

Madamu Faili alikaa kwenye kiti mbele ya geti, folda mapajani. Barua ilikuwa ndani, yenye mhuri, yenye maneno yote aliyoyataka yeye mwenyewe. Akainuka kuipeleka, akakaa. Akainuka tena, akafika mpaka kwenye choo, akarudi. Akajiambia kwamba kuwadanganya askari siku kama zile ni kosa la kufungwa. Akajiambia kwamba mama anamhitaji angalau mmoja wao. Yote yalikuwa kweli, na hayakuwa na uhusiano wowote na kilichomfanya aseme simjui.

Abiria walipoanza kuitwa, alimwendea dada wa shirika la ndege aliyekuwa akipokea tiketi. "Dada, nimeiokota karatasi hii pale kwenye ukaguzi," akasema. "Inaelekea ni ya yule baba waliyemzuia."

Yule dada akaisoma, macho yakamtoka. "Mama, umefanya jambo kubwa. Wengine wangeikanyaga tu wakapita. Mungu akubariki."

"Amina," akasema Madamu Faili. Alijisikia akilisema.

Ndege iliondoka bila kaka yake. Jioni, mama akiwa kitandani hospitalini alihesabu watoto wake, akapata wawili. "Baruti yuko wapi?"

"Wamemchelewesha kidogo kwenye ukaguzi, mama. Alisema nitangulie."

Mama akamtazama kwa muda, akageukia dirisha.

Kaka alifika kesho yake kwa ndege ya kwanza, nusu saa kabla mama hajapelekwa. Walikuwa wamemshika mpaka jioni. Barua ilipoletwa wakampigia meneja, meneja akathibitisha, wakampa chai na pole. Aliingia wodini anacheka, akamwambia mama, "Wamenisafisha mikono huko, hujawahi kuniona safi hivi." Mama naye akacheka, akasukumwa na kitanda chake kwenda kupasuliwa akiwa bado anacheka.

Mdogo wao akaenda kuleta chai. Wao wawili wakabaki kwenye benchi la korido.

"Kaka, kuhusu jana."

"Barua ilifika," kaka akasema. "Waliniambia mama mmoja msamaria kaiokota. Nikawaambia wamshukuru."

"Kaka."

"Yameisha, mdogo wangu. Ungesema unanijua wangekushika na wewe, na mama angekuwa na nani jana?"

Alikuwa amempa mlango wa kutokea, mlango mzuri tena. Angepita tu. Lakini mtu aliyeishi na hati miaka kumi na tisa hakuweza kuiacha hiyo ikae kwenye faili lisilo lake.

"Sikumfikiria mama," akasema. "Nilikuonea haya. Soksi yako, na suruali, na watu wanatazama. Niliona haya kuwa dada yako."

Kaka alitazama soksi zake, zilikuwa zilezile za jana, akairudisha miguu nyuma chini ya benchi.

"Hilo ungekaa nalo," akasema mwishowe, taratibu, bila hasira. "Mimi nilikuwa nimeshapata la kujiambia."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama alianza kutembea kwa magongo baada ya wiki. Wakati wa kurudi ulipofika, kaka alisema atapanda basi, siku mbili njiani, eti anataka kuiona nchi. Madamu Faili alirudi kwa ndege peke yake. Alivua viatu, akaviweka kwenye trei, akapita. Haikuchukua dakika moja, na askari akamtakia safari njema.

Hawakugombana. Bado kaka humpigia simu Jumapili, bado humwita mdogo wangu. Na kila ndugu wanapokutana, lazima atokee mtu wa kumwomba asimulie alivyoshikwa uwanjani. Husimulia vizuri mno: kimashine kinavyolia, askari wanavyomuuliza amelala wapi, meneja anavyofoka kwenye simu. Watu hushika mbavu. Dada yake hukaa kwenye kiti chake akisikiliza, na kisa kinapokaribia pale kwenye foleni ya kushoto huacha hata kumeza chai. Kaka hufika hapo, husema, "Basi mtu mmoja akaita jina langu," kisha huendelea na mengine.