Malaika Waliovaa Kikwembe cha Mama

Ni mimi niliyekata kikwembe cha mama. Kwa miaka sita nilisema ni panya, na nilisema kwa ufasaha wa mtu aliyesomea falsafa chuo kikuu, hata mama akaenda kuomba paka kwa jirani.

Baba alipokufa, familia nzima tulivaa kitambaa kimoja cha matanga: buluu iliyokoza, yenye ndege wa manjano. Mama alishonesha chake kama sisi sote, lakini alinunua kikwembe kingine, kitenge kilekile cha yadi sita kamili, akakiweka bila kukifua wala kukitia mkasi. Hicho ndicho angezikwa nacho. Alitaka afike mbele ya baba na kitambaa kizima, kama mke anayejua kutunza.

Siku zile aliishi nasi mjini, mtaa wa Annexe. Desemba moja ya mvua niliwatangazia binti zangu wawili kwamba mapambo ya Noeli ya dukani hayana roho. Ndivyo tusemavyo sisi waandishi tusiojua kushona hata kifungo. Tulikata nyota kwenye makopo ya maziwa ya unga, tukazitundika kwa nyuzi za shaba tulizomenya kutoka waya mbovu wa umeme. Vichwa vya malaika tulifinyanga kwa udongo wa kichuguu cha nyuma ya nyumba. Malaika wakabaki uchi. Katika sanduku la mama nilikuta fungu la vitambaa vya matanga, nikadhani vyote ni masalio ya fundi. Nikavuta cha chini kabisa, nikakata pembe yake. Malaika tisa wakapata nguo.

Nilielewa baada ya Pasaka, mama alipokitoa kikwembe kukianika. Alishika pale palipokatwa, akakiweka mapajani.

“Baba yenu ataniuliza kipande hiki nilimwazima nani,” alisema.

“Ni panya, Mama.”

Wale malaika mama alikuwa amewaona Noeli ile. Nilimwambia nguo zao ni mabaki ya rinda langu la matanga, akaniamini. Paka akaja, akanenepa, hakukamata hata panya mmoja, maana hawakuwapo, nasi sote tukamwita mvivu. Mama naye, aliyekuwa akiyapanga mazishi yake kama harusi, hakuyataja tena. Baadaye alirudi kwao Pweto, kwa mdogo wake, akabeba sanduku lake.

Desemba iliyopita mdogo wake alitupigia: mama ni mgonjwa, hashuki kitandani, na kila akiulizwa kuhusu siku yake ya kuzikwa hujibu kwamba hana nguo ya kwendea. Jioni ile binti yangu mkubwa alikuwa akitoa malaika kwenye katoni, akiwapangusa vumbi mmoja mmoja.

“Mama,” alisema bila kunitazama, “ile siku miye njo nilishika kitambaa, weye ukakata. Ilitoka mu sanduku ya kaku, mama yako. Utamuambia lini?”

Alikuwa na miaka sita tulipokata. Sasa ana kumi na mbili, na muda wote huo alinitunzia uongo wangu vizuri kuliko nilivyoutunza mimi. Nikachukua simu, nikatoka barazani.

“Mama, haikuwa panya. Ni miye njo nilikata.”

 

“Ulikata ya nini?”

“Nguo ya bamalaika. Ya Noeli, na batoto.”

“Bale benye vichwa ya kichuguu?”

“Njo bale.”

“Beko ngapi?”

“Munane. Mumoja alivunjika shingo.”

Alikohoa, au alicheka. Sijui hadi leo.

“Basi usishone kitu. Ubalete. Siku yangu mutanivalisha kile kikwembe vile kiko, na pale penye kulikatwa mutafunga bale bamalaika. Baba yenu akiuliza, nitamuonesha: ni bajukuu.”

Nilichungulia ndani, nikawahesabu tena malaika.

“Unanisikia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na ule paka,” akasema, “mulimuombaka pardon?”