Swali la Mdogo Wangu Nililitia Chumvi

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mtu wa Handeni, nimesoma masomo ya jioni ya watu wazima kwa taa ya karabai mpaka nyusi zikaungua. Nilipofaulu mtihani wa kwanza nilitembea kama nimekabidhiwa nchi. Lakini fahari yangu hasa ilikuwa mdogo wangu, nimwite Mhina, wa kwanza kijijini kwetu kufika Chuo Kikuu.

Likizo moja akanisimulia. Darasani walikuwa wakijadili vijiji vya ujamaa, naye akamuuliza mhadhiri: mtu akihamishwa mahindi yake yakiwa bado shambani, tuseme amehama kwa hiari? Mhadhiri akalisifu swali, darasa zima likabishana mpaka kipindi kikaisha. Basi. Kule chuoni lilikuwa swali, na kuuliza ndiko kulikompeleka.

Mimi nikaliona dogo mno. Kwenye foleni ya sukari, duka la kijiji, nikawaambia wenzangu wa masomo ya jioni: "Mhina kasimama mbele ya wahadhiri mia, kawaambia vijiji hivi ni jela. Waziri alikuwepo, jasho lilimtoka ndoo nzima."

"Profesa, leo umezidi," Sefu, mmoja wao, akanicheka.

"Wallahi tena."

Katibu kata alikuwa nyuma yetu. Baada ya siku chache akaja darasani kwetu, kwa upole kabisa. "Ndugu, yale maneno ya mdogo wako ni kweli?"

Ningesema nimeongeza, yangeishia pale. Lakini Sefu na wenzake walikuwa wananitazama, wameshaanza kutabasamu. Nikaona aibu.

"Kweli," nikasema. "Alisema."

Mhina akafukuzwa chuo. Mhadhiri alimtetea kwamba aliuliza tu. Akajibiwa kuwa kaka wa huyu kijana mwenyewe ameshuhudia.

Alikuja kwangu na sanduku lake.

"Shikamoo, kaka. Ulisema nilisema nini?"

Nikamweleza. Na katika kueleza, Mungu anisamehe, nikacheka, kwa kukosa pa kuuweka uso. Yeye hakucheka. Nikakimbilia kwa katibu kuyakana maneno yangu. "Yameshakwenda juu, ndugu," akaniambia. "Huko mkono wangu haufiki."

Miaka imepita; sasa analima Bungu, kwa wajomba zetu. Nikienda hunipokea vizuri. Juzi tulikuwa tunakula, binti yake akauliza, "Baba, shamba la kijiji tunalima wote, mbona mahindi yake hatuyaoni?"

Mhina hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

"Kula, mama," akamwambia. "Kuna mgeni."

Mgeni ndiye mimi, wa tumbo moja naye.

Ndugu zangu mnaopenda kunogesha, nogesheni habari za nyati mliowakimbia. Neno la mwenzio lifikishe lilivyo. Na ukiulizwa kama umeongeza, kubali palepale, wakucheke. Mimi wangenicheka mpaka jioni, kesho yake wangesahau.